Jumatano, Beseni la Tatu

Mwaka huu niliapa kuacha sukari.
Siku nne nilikunywa chai kama adhabu;
ya tano, Halina Woroniak akanishika kiwiko
mlangoni pa kanisa, theluji imemganda kwenye kope:
"Wewe ni nesi. Njoo Jumatano.
Mabeseni tunayo, mikono hatuna."
Usiku uleule sukari ikarudi kikombeni.
Mungu anisamehe, nilihitaji nguvu.

Basi ndiyo hivi: Winnipeg,
nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
chumba cha chini ya kanisa, harufu ya supu ya kabichi
na ya viatu vilivyolowa, vikakauka, vikalowa tena.
Mabeseni sita ya bluu, ya kufulia.
Langu la tatu kutoka bombani.
Nina koleo la kucha, pamba, dawa ya fangasi,
na mgongo uliotoka zamu ya saa kumi na mbili.

Wanaketi. Hakuna anayependa kuvua.
Mtu atakupa jina lake, kisa cha ndoa yake,
hata namba ya kesi yake mahakamani,
lakini soksi ataing'ang'ania kama hati ya shamba.
Nimejifunza kutomtazama usoni wakati huo.
Natazama maji. Nayapima kwa kiwiko,
kama tunavyompimia mtoto.

Orville Spence alinipa mguu wa kulia wiki ya kwanza.
Wiki ya pili, wa kulia tena.
Wa kushoto ulibaki ndani ya buti.
"Huyo mwache," akasema, "anang'ata."

Wiki ya tatu aliufungua mwenyewe, polepole:
vidole viwili, mahali pa vitano.
Vitatu vilichukuliwa na baridi, kituo cha basi, Januari;
alivyosimulia ungedhani anataja bei ya petroli.
Nikaviosha viwili. Nikaosha na pale pasipo kitu,
maana ndipo panapomwasha, alisema,
usiku, vile visivyokuwepo.

Na kisigino, magaga.
Magaga nayajua. Ya baba yangu, kule Mbinga,
sarafu ya senti hamsini ingesimama wima mle.
Walipomwosha mara ya mwisho mimi nilikuwa huku,
simu sikioni, upande wa pili wanatafuta chaji.

Sikulia ndani ya beseni la mtu.
Nilibadilisha maji tu. Yalikuwa yamepoa.

Jana, Jumatano ya tano, Orville hakuvua.
Alikaa akaitazama miguu yangu.
"Hivyo viatu vya hospitali vimekupindisha.
Umeketi lini mara ya mwisho?"
Nikacheka. Nikamwambia, kwenye basi.
Akainuka na buti lake la vidole viwili,
akaenda kwenye meza ya soksi za msaada,
akachambua kama mama anayenunua dagaa,
akarudi na jozi ya sufu, kijivu, mstari mwekundu.
"Hizi nzuri. Usimpe mtu.
Wiki ijayo nitakagua."

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri:
hilo nililiimba shuleni kabla sijajua kuhesabu.
Kuhusu kupokea hawakutuambia.
Nilikuwa na sentensi tayari mdomoni,
ile ya adabu, ya wenye nacho,
ile inayomrudisha mtu kwenye foleni.
Foleni yenyewe ilikuwa imetulia, inasubiri
kuona nitaitema au nitaimeza.

Nikaketi. Kiti kilikuwa bado na joto lake.
Nikavua, mbele ya watu wanaohisi baridi kunizidi,
na kidole gumba changu kikajianika,
ukucha umeingia nyamani, miezi sasa.

"Nesi," akasema Orville, "hiyo si nzuri."

Koleo sikumpa; kuna kanuni.
Lakini tuliinama wote wawili tukaitazama
kama watu barabarani wanaotazama injini iliyozimika.
Kisha nikavaa zile za kijivu,
nikachota maji mapya, nikatumbukiza kiwiko,
naye akavua.
Wa kushoto kwanza.